Boya Lililoitwa Mropokaji

Boya lilikuwa limening'inizwa kwa mnyororo juu ya tangi la majaribio, linatona maji sakafuni, na watu waliokuwa karakanani walilitazama kwa chuki. Fundi peke yake ndiye aliyelitazama kwa huruma. Alikuwa na pingu mikononi, amesimama kati ya askari wawili, na midomo yake ilichezacheza kama anayeongea nalo.

Inspekta Gundi aliliona hilo akaliweka kichwani. Gundi halikuwa jina lake. Wenzake kituoni walimpa kwa kuwa ni mwanamke ambaye akishika jambo haachii, na yeye mwenyewe hakuona tusi ndani yake. Kesi hii alikuwa ameishika tangu siku Mkurugenzi wa Kituo cha Utabiri wa Bahari alipookolewa miambani akiwa amevunjika nyonga. Mkurugenzi alikuwa na mashua ndogo ya injini, na kila Jumapili asubuhi alitoka nayo peke yake, akapita kwenye upenyo wa miamba ambao wenye akili zao waliuzunguka. Alijigamba kuwa yeye haangalii maji, anaangalia utabiri wake tu. Jumapili ile utabiri ulisema mkondo upenyoni ni hafifu. Haukuwa hafifu. Ulimchota pamoja na mashua yake ukambamiza kwenye mwamba.

Utabiri wa mahali pale ulitegemea boya moja tu la kupimia mkondo, hili hili lililoning'inizwa. Boya hilo lilikuwa limesafishwa na Fundi muda si mrefu kabla ya ajali, na siku hizo hizo Fundi alikuwa amefokewa na Mkurugenzi mbele ya wafanyakazi wote, akajibu kwa sauti kwamba iko siku bahari itamlipa. Kwa Afande Mkuu, bosi wake Gundi, hiyo ilitosha. Kesho yake asubuhi Fundi alikuwa apandishwe kizimbani kwa kosa la kujaribu kuua, na mke wake alikuwa nje ya geti, ameshika mfuko wenye shati safi la kwendea mahakamani.

"Shusha," Gundi alisema.

Mhandisi wa bandari, aliyeletwa kwa sababu hakumjua hata mmoja wa watu hawa, alibonyeza swichi. Boya likazama, na maji ya tangi yakaanza kwenda. Mhandisi alianza na mkondo mdogo, akaongeza, akaongeza tena, na kila alipoongeza alisoma kipimo cha tangi, kisha akasoma kipimo cha boya. Akarudi nyuma vivyo hivyo. Gundi alimwambia aanze upya, na mhandisi, ambaye njaa ilikuwa imeshaanza kumuuma, akaanza upya huku akiguna.

"Chombo kizima," alisema alipomaliza. "Kinasema kile kile maji yanachosema. Kama mtu angekichezea, tungeona hapa."

Fundi alifumba macho. Gundi alimsogelea akamuuliza kwa nini alikuwa analiangalia lile boya kama mgonjwa wake. Fundi akaeleza kwamba ofisini waliliita Mropokaji, kwa kuwa lilikuwa halina staha. Maboya mengine yalikubaliana na kompyuta karibu kila siku. Hili lilikuwa linaropoka vipimo vikubwa ambavyo kompyuta haikuvitarajia, na Mkurugenzi alilichukia waziwazi. Ugomvi wao ulianzia hapo: Mkurugenzi alitaka ling'olewe, Fundi akamwambia boya haliumwi, anayeumwa ni mwingine.

"Ndipo ukasema bahari itamlipa."

"Nilisema, afande, sikatai. Nilikuwa na hasira. Hata sasa ninayo." Aliinua mikono yenye pingu kidogo, kisha akaishusha. "Lakini ningetaka kumdhuru, nisingemtumia Mropokaji. Huyo mkweli mno. Angenitaja."

Askari mmoja alicheka, akajirudi. Gundi alimwomba mhandisi afungue tumbo la boya. Ndani, kwenye kisanduku kilichozibwa kwa mpira, mlikuwa na kadi ya kumbukumbu, maana boya lilituma kila kipimo kituoni kwa redio na lenyewe likabaki na nakala. Gundi aliichukua kadi akaitia kwenye bahasha ya vielelezo, akaandika saini yake juu ya gundi ya bahasha mbele ya mashahidi. Kama boya lilisema kweli na utabiri ukatoka uongo, basi kati ya maji na kompyuta palikuwa na mkono wa mtu.

Chumba cha mashine pale kituo cha utabiri kilikuwa na baridi kali, na bwana aliyekisimamia alivaa sweta mbili. Wenzake walimwita Mtu wa Seva. Alikuwa na funguo za kila mlango na ruhusa ya kuingia kwenye kila kompyuta, na zaidi ya hayo alikuwa amenyimwa cheo na Mkurugenzi mwaka uliopita. Gundi aliyajua yote hayo kabla hajaingia. Mtu wa Seva naye alijua kuwa Gundi anajua, kwa hiyo alizungumza haraka haraka kuliko ilivyohitajika.

Kwa maelezo yake, modeli ya bahari ni kompyuta inayokisia kwa hesabu. Kila asubuhi inakisia maji yakoje: joto lake, mawimbi yake, mikondo inaelekea wapi na kwa kasi gani. Kisha vipimo halisi vinaingia kutoka kwenye maboya na setilaiti, na modeli inajisahihisha. Inasogea kidogo kukifuata kipimo, halafu inakisia kesho kwa kuanzia hapo iliposogea. Bila vipimo, alisema, modeli inaweza kuota ndoto nzuri sana lakini ikabaki ndoto.

"Na kipimo kikiwa chenyewe ndicho kibovu?" Gundi aliuliza.

Kwa ajili hiyo paliwekwa chujio. Kipimo kikitofautiana kidogo na makisio, kinapokelewa. Kikitofautiana kupita kikomo fulani, modeli inahesabu kwamba chombo kinaumwa na kipimo kinatupwa. Gundi alisema amewahi kuwa na bosi wa hivyo: ukimkosoa kidogo anakushukuru, ukimkosoa sawasawa anakutoa ofisini. Mtu wa Seva alicheka, kisha akatazama mlangoni.

Waliiweka kadi ya boya kwenye mashine, na kwenye skrini ikatokea mistari miwili. Mwekundu ulikuwa wa vipimo vilivyomo ndani ya boya. Wa bluu ulikuwa wa vipimo vilivyoifikia modeli. Ilianza ikiwa imelaliana, kisha ule wa bluu ukaanza kushuka chini ya mwenzake, kidogo sana, ukaendelea kushuka wiki baada ya wiki, hadi Jumapili ya ajali ambapo kati yao palikuwa na nafasi ya kuweka mkono.

Mtu wa Seva aliufuata mstari wa bluu kwa kidole. "Huu si ubovu," alisema. "Chombo kikiharibika kinarukaruka. Hii inatambaa. Mtu alikuwa anakata kila siku."

Alieleza jinsi ilivyowezekana. Vipimo vya maboya haviendi kwenye modeli moja kwa moja. Vinapita kwanza kwenye meza ya uhakiki, ambako mhakiki anaruhusiwa kuongeza kidogo kwa ajili ya magugu. Chombo kikikaa majini kinaota magugu na chaza, kinazunguka kizito, kinasoma mkondo mdogo kuliko uliopo. Basi mhakiki anarudishia kile kilicholiwa na uchafu. Kwa Mropokaji, mtu alikuwa hajarudishia kitu. Alikuwa akipunguza, tena akiendelea kupunguza hata baada ya Fundi kulisafisha boya likawa jeupe.

"Sijawahi kuona magugu yanayoyakimbiza maji," alisema Mtu wa Seva.

Gundi alimuuliza ni nani wenye uwezo wa kufanya hivyo. Alijibu kwamba neno la siri la meza ile ni moja kwa watu wote, limeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya kibodi. Yeyote aliyepita angeweza. Hata yeye angeweza. Alipojisikia akisema hilo alianza kutoka jasho na sweta zake mbili, na Gundi akamwacha atoke jasho kwa muda, kwa kuwa jasho la mtu nalo lina habari zake.

Kisha alimwomba amkokotolee jambo moja: kila punguzo la siku lilikuwa kubwa kiasi gani ukililinganisha na kikomo cha chujio. Mtu wa Seva alipiga hesabu akashangaa. Mapunguzo yalikuwa madogo mno. Mhalifu angeweza kukata mara kadhaa ya pale bila chujio kushtuka, akamaliza kazi yake kwa siku chache.

"Mvivu huyu," alisema. "Au mwoga."

Gundi hakuafiki. Mtu aliyekaa wiki nyingi akichonga uongo kwa subira namna ile hakuwa mvivu, na mwoga angefupisha safari. Akamwambia aangalie kikomo cha Mropokaji chenyewe. Mtu wa Seva alisema vikomo vya maboya yote ni sawa, yeye ndiye aliyevipanga. Gundi akasema aangalie hata hivyo. Ilibidi apitie kwenye mipangilio ya Mkurugenzi mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na alipofika alivua miwani akaifuta kwa ncha ya sweta.

"Hiki sikijui," alisema. "Kimebanwa. Kimebanwa vibaya sana. Boya hili likitofautiana na modeli hata kidogo tu, linatupwa."

Walirudi kwenye mistari yao. Sasa mapunguzo yalikaa sawa. Kila siku uongo ulikuwa umefika karibu kabisa na kikomo kile kilichofichwa, bila kukigusa. Aliyeukata alijua dari lina kimo gani na alikuwa anainama kiasi cha kupita. Fundi hakukijua kikomo hicho. Mtu wa Seva naye alikuwa ametoka kupiga hesabu kwa kikomo kingine, mbele ya Gundi, bila kulazimishwa.

Gundi aliuliza kikomo kilibanwa lini. Mtu wa Seva alisoma tarehe, na uso wake ukabadilika. Ilikuwa muda mfupi kabla ya kifo cha mzamiaji.

Habari ya mzamiaji Gundi aliisikia kwa mara ya kwanza hapo. Mwaka uliopita kijana mmoja, mzamiaji wa kampuni ya mabomba, alishuka kwenye upenyo ule ule wa miamba kwa kuwa utabiri ulisema maji yametulia. Mkondo ulimchukua. Ripoti ya kituo, iliyotiwa saini na Mkurugenzi, ilisema boya lilikuwa bovu siku hiyo na marehemu alikuwa mzembe. Gundi alitaka kukiona kipimo cha Mropokaji cha asubuhi ile. Kilikuwepo bado, ndani ya kapu la vilivyotupwa. Boya lilikuwa limepiga kelele kwa nguvu zake zote, na chujio likalifunga mdomo.

"Kijana huyo alikuwa na watu wake hapa?" Gundi aliuliza.

"Mwana wa Shangazi," Mtu wa Seva alijibu. Alitazama tena mlangoni. "Shangazi ndiye mkuu wa meza ya uhakiki. Afande, tafadhali, nisiulizwe zaidi."

Mkurugenzi alikuwa amelazwa kwenye chumba cha peke yake, mguu umening'inizwa, na kompyuta juu ya tumbo. Alimpokea Gundi kwa ukarimu wa mtu anayedhani anahojiwa kwa heshima yake. Alipoambiwa boya limepimwa likakutwa zima, alitabasamu akasema lile boya ni kichaa tangu lizaliwe. Gundi alimuuliza kuhusu kikomo, naye hakuficha kitu, kwa sababu hakuona cha kuficha. Kila mwaka wakaguzi walilinganisha makisio ya modeli na vipimo vya maboya, kisha wakakipa kituo alama. Mropokaji alikuwa anaharibu alama. Kikomo kikabanwa, alama zikapanda, na Mkurugenzi akaalikwa kuzungumza kwenye mikutano.

"Aliyevipunguza vipimo vya boya alikijua kikomo hicho. Nani mwingine alijua?"

"Hapakuwa na haja ya kutangaza. Niliagiza mwenyewe. Namba zilichapwa na Shangazi, siku hiyo nilikuwa nimesahau miwani nyumbani."

Alisema hivyo kama anayesimulia kisa cha kuchekesha, kisha akasikia alichokisema. Gundi alifungua jalada akaweka juu ya shuka karatasi yenye kipimo kilichotupwa cha asubuhi aliyokufa mzamiaji, akauliza kama Mkurugenzi aliwahi kukiona. Mkurugenzi alikitazama kwa muda mrefu kuliko inavyochukua kusoma namba moja. Akasema suala lile lilifungwa na ripoti ipo.

Ndipo alipobadilika. Gundi alimwona akibadilika, kitanda kile kile, uso ule ule. Alisema maskini Shangazi, mama wa watu, amefiwa, akili yake haiko sawa. Alisema yeye si mtu wa visasi. Alisema anamsamehe kabisa, hana haja na kesi, ihesabiwe kuwa ajali ya baharini na Fundi aachiwe aende kwa mkewe. Akachukua simu akampigia Afande Mkuu pale pale, akamweleza hayo kwa sauti ya upole, halafu akampa Gundi simu.

"Mlalamikaji hataki kesi," Afande Mkuu alisema sikioni. "Sasa wewe unang'ang'ania nini? Mwachie Fundi, funga jalada."

Gundi aliomba apewe mpaka jioni amalizie maelezo ya mashahidi. Akapewa kwa shingo upande. Alipotoka wodini hasira ilimpanda hadi masikioni. Katika kazi yake alishaona watu wakifunikwa midomo kwa hongo na kwa vitisho. Kuona mdomo ukifunikwa kwa msamaha ilikuwa mara ya kwanza, na ilimtia kinyaa.

Lakini kinyaa hakipeleki mtu mahakamani. Neno la siri lilikuwa la wote, kwa hiyo wakili yeyote angesema aliyepunguza vipimo ni mpita njia. Na sasa Mkurugenzi angekana hata ile habari ya miwani. Bila maelezo ya Shangazi yenye saini yake, jalada lingelala kabatini. Yakiwepo, hata Afande Mkuu asingethubutu kuyakalia. Yangekwenda kwa mwendesha mashtaka apende asipende.

Alimkuta Shangazi mezani kwake, miwani kifuani kwa kamba, anaandika vipimo vya mchana. Wote kituoni walimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, kwa kuwa aliwafundisha kazi karibu wote. Wenzake wawili waliokuwa chumbani waliona uso wa Gundi wakakumbuka kuwa wana shughuli nje. Shangazi alimsogezea kiti.

"Fundi ametoka?" lilikuwa neno lake la kwanza.

"Anatoka leo."

"Sikutaka ashikwe yule. Nilijua mtalipima boya, nikasema watamwachia siku hiyo hiyo." Alimtazama Gundi bila chuki. "Mmechelewa sana, mwanangu."

Gundi alilimeza hilo kwa kuwa lilikuwa la haki. Alimsomea onyo: halazimiki kusema lolote, na atakalosema linaweza kutumika dhidi yake. Kisha akampangia mambo yote kwa utaratibu, tangi, kadi, mistari miwili, magugu yanayopunguza, kikomo kilichobanwa, namba alizochapa kwa vidole vyake. Shangazi alisikiliza akitikisa kichwa taratibu, kama mwalimu anayesahihisha daftari la mwanafunzi anayejitahidi. Mahali pamoja tu alimkatiza.

"Siku aliyokufa mwanangu nilikuwa hapa hapa," alisema. "Nilikiona kipimo kinatupwa. Nikampigia bosi nikamwambia, Mropokaji anasema maji yamechafuka, na watu wako majini. Akaniambia Shangazi, mwache kichaa wako, modeli inajua. Nikakata simu. Sikujua ni nani aliyeko majini. Nilijua jioni."

Gundi alisogeza kiti chake karibu.

"Tulipozika alikuja. Akaomba kusema neno. Akawausia vijana wafuate kanuni za usalama. Mwanangu yuko chini, udongo haujakauka, yeye anamfanyia mfano wa uzembe." Shangazi alishika kingo za meza. "Basi nikafikiri. Ukweli mkubwa ameutupa. Haya, nitampa uongo mdogo. Kila siku kidogo, kipimo anachokipenda mwenyewe. Akala wote, na alama zake zikapanda. Alinipongeza kwa barua."

Alicheka kidogo, na kicheko chake hakikupendeza kukisikia. Gundi aliuliza swali ambalo lilikuwa likimsumbua tangu chumba cha seva. Utabiri ule haukuwa wa Mkurugenzi peke yake. Mtu yeyote mwenye simu aliweza kuusoma. Je, kama angepita mwingine upenyoni?

Shangazi alisema hakuna mwingine anayepita pale tangu msiba. Gundi akauliza tena. Shangazi akasema alikuwa akiangalia kila asubuhi kupitia kamera ya bandari. Gundi akamuuliza angefanya nini kama angeona mashua ya watu wengine ikiingia, angepiga kelele kutoka dirishani? Safari hii Shangazi alivaa miwani, akaivua, akaiacha ianguke kifuani.

"Hilo sina jibu lake," alisema. "Na hilo liandike. Usinifichie."

Basi Gundi akamwambia kuhusu msamaha. Hakuona haki kumchukulia mtu maelezo huku akimficha njia ya kutokea. Alimweleza kwamba Mkurugenzi hataki kesi, kwamba Fundi yuko huru kwa vyovyote, na kwamba yeye Shangazi akinyamaza tu, asitie saini popote, jioni ile atalala kitandani kwake na pengine kila jioni baada ya hapo. Itahesabiwa kuwa ajali.

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Damu ilimpanda usoni polepole.

"Anisamehe mimi," alisema. "Yeye."

Alisimama akaenda dirishani, akarudi. Sauti yake haikupanda, ila ilikuwa imekauka.

"Kesi ikifa, ripoti yake inabaki. Imeandikwa humo mwanangu ni mzembe. Aliacha mtoto, mjukuu wangu yule, anaanza kusoma. Siku moja ataisoma. Nikinyamaza nitalala kitandani, kweli, na mwanangu atalala na lile jina." Akaketi. "Ngoja nikuulize wewe unayejua sheria. Ili nifungwe, si lazima hakimu aelezwe nilifanyaje?"

"Lazima."

"Na ili aelewe, aambiwe kikomo ni nini."

"Lazima aambiwe."

"Na nani alikibana, na kwa nini, na siku ile kilitupa nini."

"Yote, Shangazi. Bila hayo hakuna kosa la kukushtaki."

"Basi andika."

"Utafungwa. Kwa umri wako pengine hutatoka."

"Nilitaka afe, mwanangu, nisikudanganye. Jumapili ile waliposema yu hai nililia kwa uchungu. Siku hizi nashukuru. Maiti haihojiwi."

Gundi alitoa karatasi za maelezo. Aliandika muda mrefu, na Shangazi alimsahihisha alipokosea maneno ya kazi, akamrudisha nyuma kila alipotaka kuanzia kwenye mashua. Maelezo yalianzia kwa mzamiaji, kwa jina lake kamili na kazi yake na miaka aliyoifanya bila ajali. Kila ukurasa ulipojaa Gundi aliusoma kwa sauti, na Shangazi akasema ndiyo au akasema hapana.

Kabla ya saini, Gundi alipiga simu hospitali akaweka sauti ya nje. Alimwarifu Mkurugenzi kwamba kesi ya jinai ni ya Serikali, si mali ya aliyeumizwa, na kwamba jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Akamwarifu pia kwamba yeye Mkurugenzi atakuwa shahidi wa kwanza, ataapa, na ataulizwa habari za kikomo.

Mkurugenzi akasema hapana haja ya kufika huko. Akasema Gundi amfikishie Shangazi ujumbe, kwamba ameshamsamehe, kwamba yamekwisha, amsamehe na yeye kama kuna mahali alimkosea.

Shangazi aliinama karibu na simu.

"Nimekusikia, bosi," alisema. "Mimi sijakusamehe. Ugua pole, upone, mguu ukubebe vizuri. Nakutaka ukiwa umesimama."

Kisha akachukua kalamu, akatia saini chini ya kila ukurasa, akanyoosha mikono kwa ajili ya pingu.